Mwiko wa Amaq Rumenah

Dasan Reban, Lombok Mashariki
10 Februari 1991

Mdogo wangu Sahrim,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima. Paa linavuja palepale linapovuja kila mwaka, shemeji yako kila siku anasema atalipanda kesho. Binti yangu Saknah ameshanipita kwa urefu, na mdomo anao, sijui kaurithi kwa nani. Ng'ombe kazaa jike.

Sasa tega sikio. Tarehe saba Desemba Baba atatimiza siku elfu moja tangu atutoke. Nimehesabu kwa punje za mahindi mara tatu, kwa hiyo kama wewe una hesabu nyingine kaa nayo hukohuko Johor. Arubaini yake alitupikia Amaq Kerte wa Montong. Siku mia yake, Amaq Kerte tena. Ares yake, ule mchuzi wa kiini cha mgomba, Mungu anisamehe, ilikuwa maji ya mgomba yaliyopitishwa karibu na nazi. Watu walikula kwa sababu ni msiba.

Jana mkuu wetu wa kitongoji, Amaq Mustiare, alikuja akakaa barazani mpaka kahawa ikapoa. Anautazama tu mwiko wa Baba ulioning'inia juu ya meko. Mwisho akasema, "Inaq Saknah, mwiko wa ran haukai miaka mitatu bila mkono. Mwanawe akija kuipika karamu ya siku elfu, yeye ndiye ran, mpishi wetu mkuu. Asipokuja, nampa Kerte, na karamu zote za Dasan Reban zitapikwa kwa ulimi wa Montong."

Nikamwambia, "Atakuja."

"Amekwambia?"

"Simwulizi. Namwambia."

Basi nakwambia. Vizazi vinne mwiko ule haujatoka katika nyumba hii, na hautatoka mimi nikiwa naona. Omba ruhusa mapema. Na ujibu, usinipige chenga kama ulivyozoea.

Dada yako,
Rumenah


Johor
28 Machi 1991

Dada yangu mpendwa,

Waaleikum salaam. Barua yako imetembea wiki sita, nadhani ilikuja kwa miguu. Tumo katika mfungo, jua la huku linakausha mate mdomoni, ila mwili una nguvu. Mpe hongera ng'ombe.

Mimi ndiye mpishi wa bweni sasa. Tuko Wasasak kumi na wanane, tukitoka kwenye michikichi jioni wananizunguka mimi na sufuria. Sijisifu, lakini hapa hakuna wa kunisogelea.

Habari ya Desemba, msimamizi wetu ana maneno mengi, ruhusa haina uhakika. Tutaona.

Nina swali dogo la ufundi. Viungo vikiiva kwenye mafuta, Baba alijuaje? Kwa harufu, hilo kila mtu analijua. Mimi nauliza kwa macho. Rangi inakuwaje? Mlio wa mafuta unabadilika? Na terasi ya uduvi ikichomwa ndani ya jani la mgomba, jani linakuwaje ikiwa tayari? Niandikie kwa kirefu. Nataka kujiongezea maarifa tu.

Ndugu yako,
Sahrim


Dasan Reban
4 Mei 1991

Sahrim,

Assalaam aleikum na Idi njema iliyochelewa. Tulipika kuku wa pelalah, tukala mboga ya kangkung kwa pilipili ya plecing mpaka Saknah akalala chini akisema hanyanyuki tena. Shemeji yako amepanda paa. Sasa linavuja mahali pawili.

Maswali yako nimeyasoma mara mbili. Ati kwa macho! Umekuwa mpiga picha? Haya, chukua. Manjano mabichi hung'aa, yakiiva hufifia na mafuta hujitenga juu. Mlio huanza kwa kelele, halafu hushuka kama watu wanaosengenya wakimwona msengenywa anakuja. Jani la terasi liwe jeusi pembeni na kahawia katikati. Nimekujibu. Lakini mwenye pua hahangaiki na jani. Uduvi ule ukiiva hata jirani wa nyumba ya tatu anajua.

Muhur, mwenzako wa bweni, amekuja likizo. Alipita kutusalimia, akala sahani tatu za plecing, akashusha pumzi. "Alhamdulillahi, Inaq Saknah, ulimi wangu umepumzika."

"Umepumzika na nini?"

Akajifanya anakohoa. Unanijua, sikumwachia. Akasema, "Chakula cha Sahrim siku hizi ni moto mtupu. Pilipili kichaa viganja viwili kwa sufuria moja. Jamaa wanakula wanalia, kisha wanatoroka kwenda kununua mkate."

Mkate! Wasasak! Watu tulioachishwa ziwa kwa pilipili! Sijapata kusikia Msasak akikimbia chakula kwa ukali, nikadhani Muhur anatia chumvi. Akaapa.

Anarudi huko Jumanne. Nimempa chupa ya sambal, ile pilipili ya plecing, nimeisaga kwa mkono wangu mwenyewe. Onja, uniambie ikoje. Na ruhusa ya Desemba, vipi?

Rumenah


Johor
22 Juni 1991

Dada yangu,

Chupa imefika salama na sasa ni tupu. Allah akuzidishie. Nilipofungua tu, terasi ya Lengkare ikajaa bweni zima! Nilifumba macho nikajiona nimekaa kwenye meko ya nyumbani. Hakuna anayeichoma kama wewe. Machozi yalinitoka, nakwambia kweli.

Muhur ana maneno mengi, usimsikilize. Watu wa hapa wamelegea tu, wamezoea mchuzi wa sukari.

Ruhusa bado. Msalimie Saknah na shemeji, mwambie aliache paa.

Sahrim


Dasan Reban
15 Julai 1991

Sahrim,

Salaam baadaye.

Sikutia terasi. Hata chembe. Niliacha makusudi.

Ulisikia harufu ya nini?

Rumenah


Dasan Reban
20 Agosti 1991

Sahrim,

Assalaam aleikum. Mke wa Muhur amepata barua kutoka Johor wiki jana na nyingine juzi, kwa hiyo posta ni nzima, mgonjwa ni wewe.

Amaq Kerte alipita hapa. Hakubisha hodi ya maana, alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba akaanza kuyapima meko ya Baba kwa hatua, moja, mbili, tatu, kama mtu anayenunua kiwanja. Nikamuuliza, "Umepoteza kitu?" Akasema, "Naona tu karai zangu zitakaa wapi." Kwa bahati mbaya beseni la maji ya kuoshea mchele likaniponyoka mkononi. Alirudi Montong miguu imelowa.

Sikukasirikii. Naam, nimekasirika, lakini andika. Kama unaumwa, sema unaumwa. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua, unanificha nini wewe?

Dada yako


Johor
14 Septemba 1991

Dada,

Nimeandika barua hii mara nne nikaichana.

Sisikii harufu. Mwaka jana nilipewa kazi ya kupulizia dawa ya kuulia magugu, bomba mgongoni kutwa, kitambaa cha uso kililowa ileile dawa. Pua ilichubuka ndani, ikatoa damu wiki mbili, ikapona. Ilipopona hakukuwa na kitu tena. Daktari alinipa kitunguu nikinuse, nikamwuliza ni tufaha? Akaniambia nizoee.

Ulimi unajua chumvi, sukari na ndimu. Na ukali. Pilipili bado naisikia, Dada, na ndiyo kitu pekee katika chakula chetu kinachonifikia. Ndiyo maana naongeza, naongeza tena. Najua wanakwenda kununua mkate. Naona maganda yake.

Nilikudanganya kuhusu chupa yako kwa sababu niliona aibu. Mwana wa ran asiyejua terasi imo au haimo! Nikisimama mbele ya karai siku ya Baba, Amaq Mustiare ataniletea upawa nionje mbele ya wazee wote kama ada inavyotaka, na mimi nitasema nini? Nitawaunguza watu mia tatu midomo katika karamu ya baba yangu.

Mpeni Kerte mwiko. Usimwambie mtu sababu.

Sahrim


Dasan Reban
5 Oktoba 1991

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum wa rahmatullah. Nimelia, nimemaliza, sasa nisikilize.

Nilikula kiapo kwa Baba na leo nakivunja kwako tu. Mungu atanielewa, na Baba akitaka kugomba atanisubiri nifike.

Unaikumbuka homa aliyopata mwaka aliozaliwa Saknah? Alipoinuka alikuja jikoni kwangu, akaokota kipande cha hulinjani, akakinusa, akakiweka chini. Akanusa mchaichai. Akanusa terasi mbichi, kopo zima, pua imezama. Kisha akaketi kwenye kinu akaniambia, "Rumenah, vimekwenda wapi?"

Miaka kumi na mmoja, Sahrim. Karamu zote ulizoziona, harusi, tohara, maziko, Baba hakusikia harufu ya hata moja. Mimi nilikuwa nyuma ya kile kiambaza cha mianzi, upande wa wanawake wanaopika wali. Yeye hupitisha kifuu cha mchuzi chini ya kiambaza kama mtu anayetupa maji. Mimi naonja. Nabisha nguzo kwa kifuu. Mara moja, chumvi. Mara mbili, terasi. Mara tatu, basi, usiguse tena. Na wazee walipokuja na upawa wao alionja, akatikisa kichwa na kutabasamu, kwa sababu mara tatu ameshaisikia.

Wanawake walidhani nina kichaa cha kugonga nguzo.

Na lipo la pili. Ulikuwa ukilalamika kwamba Baba hakufundishi, kwamba ukisogelea karai anakufukuza kama kuku. Hakukuchukia. Aliogopa. Ulikuwa na pua kali, ungemgundua kwa siku moja. Nilimwambia mara nyingi, mwambie mtoto. Akasema kesho. Wewe ukapanda meli.

Kwa hiyo hakuna cha aibu. Njoo, shika mwiko, mimi nitakaa nyuma ya kiambaza. Ninajua kubisha.

Rumenah


Johor
1 Novemba 1991

Dada yangu Rumenah,

Waaleikum salaam. Nimekaa na barua yako siku tatu. Siku ya kwanza nilimkasirikia Baba. Siku ya pili nilikukasirikia wewe. Siku ya tatu nilicheka peke yangu kwenye michikichi mpaka Muhur akadhani jua limenipiga. Mimi nilikuja huku nikiamini baba yangu haoni kitu kwangu. Miaka mitano nimebeba hilo, kumbe mzee alikuwa ananikimbia!

Sasa nisikilize wewe, kwa mara ya kwanza maishani.

Sitakuja. Ruhusa ninayo tangu Juni, nilikudanganya na hilo pia, nisamehe. Nilikuwa nimefungasha. Lakini nikiwepo, watanipa mimi mwiko na wewe utarudi nyuma ya kiambaza kuzeeka huko. Nisipokuwepo, na haki yangu nikikupa wewe, hawana wa kumpa mwingine.

Barua zako zote nimezipanga kitandani nikazisoma tena. Hukuandika hata mara moja kwamba unautaka. Unasema mwiko wa Baba, mwiko wa nyumba hii, mwiko wako Sahrim njoo uchukue. Na ukasema hautatoka wewe ukiwa unaona, ukammwagia Kerte maji. Dada, nani anamwaga maji kwa ajili ya mwiko asioutaka? Sema tu. Miaka kumi na mmoja umekuwa ran wa Dasan Reban na hakuna aliyekupa asante.

Kwetu mzazi huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Kijiji kizima kilimwita Amaq Rumenah, baba yake Rumenah. Hakuna aliyemwita baba yake Sahrim.

Ndani ya bahasha kuna barua ya pili, imefungwa, ni ya Amaq Mustiare. Siri ya Baba sikuigusa, hiyo ni yako na yake. Nimeandika yangu tu: pua yangu imekufa, mwiko ni haki yangu kwa urithi, na mimi nampa dada yangu mbele ya mashahidi watatu waliotia dole gumba. Muhur ni mmoja. Alitia madole mawili, alisema analipa deni la plecing.

Tarehe saba nitafunga na kumsomea Baba Yasini hukuhuku. Roho inaniuma kuwa mbali naye siku hiyo, sikufichi. Usinijibu kwa kunigombeza. Pika.

Sahrim


Dasan Reban
13 Desemba 1991

Sahrim, mdogo wangu, mtoto wa Baba,

Assalaam aleikum. Paa lilivuja siku ya karamu na hakuna aliyejali.

Nimekusikia, sikukugombeza. Nilitaka kukugombeza, nikaiweka kalamu chini. Na jibu lako ni hili: ndiyo. Nautaka. Nilikuwa nautaka tangu nikiwa na miaka kumi. Haya, nimesema, umefurahi?

Amaq Mustiare aliisoma barua yako mbele ya wanaume wote, ng'ombe ameshachinjwa, karai zimeshawekwa. Kelele zikaanza. Amaq Kerte akasimama. "Mwanamke kwenye karai ya karamu? Na nguo zote zile, si atajiunguza?"

Nikamwambia, "Amaq Kerte, msuli wako unaburura chini kuliko nguo yangu. Shika wa kwako."

Walicheka hata wale waliokuwa upande wake. Mustiare akainua mkono. "Karai moja ya ares. Nitaonja mimi, kama ada. Ikinishinda, Kerte atapika zilizobaki."

Nikaushusha mwiko wa Baba. Mzito kuliko nilivyodhani, Sahrim! Miaka yote nimeufuta vumbi, sikuwahi kuushika kwa mikono miwili. Viini vya mgomba nilivikata tangu alfajiri, nikavifikicha na chumvi mpaka utomvu ukatoka wote, nikanyofoa nyuzi moja moja. Kerte hanyofoi nyuzi, ndiyo maana ares yake inakwama menoni. Viungo nikavikaanga mpaka mlio ukashuka. Nikatia nyama, nikatia tui, nikakoroga. Nikaonja mimi mwenyewe, hadharani, mbele ya macho ya watu mia tatu. Chumvi kidogo. Terasi kidogo. Nikaonja tena. Na mkono wangu, sikuutuma mimi, ukagonga ukingo wa karai kwa mwiko mara tatu.

Saknah akanipigia kelele kutoka kwenye kiambaza, "Mama, umeanza tena!"

Mustiare akaleta upawa. Akaonja. Akaonja tena, na ada ni mara moja. Kisha akageuka akakitazama kile kiambaza cha mianzi, akaitazama ile nguzo, pale ilipobonyea kwa kifuu, akanitazama mimi. Alikuwa anakula karamu za Baba toka ujana wake, ulimi wake haudanganyiki.

"Hii si kama ares ya Amaq Rumenah," akasema. "Hii ndiyo yenyewe." Kisha akasema pole pole, mimi tu nikasikia, "Kumbe."

Kiapo ni kiapo. Nikamwambia, "Kula, Amaq, inapoa."

Akawageukia watu. "Pangeni masinia. Ran wetu amemaliza."

Wakala, mdogo wangu. Wanne wanne kwenye sinia, unasikia vidole tu na watu wakivuta pumzi kwa pilipili. Ukali wenyewe, ule unaokuja nyuma ya ladha, si unaotangulia. Amaq Kerte alikomba sinia mpaka chini, akatuma mtu kuomba nyongeza, nikampa ya kutosha. Tulipomsomea Baba dua, nilitaja jina lako baada ya lake.

Mwiko umerudi mahali pake juu ya meko. Watu wa Gubuk Timuk wameshakuja kuuliza kama nina nafasi mwezi wa tatu.

Idi uje nyumbani. Sasa hakuna wa kukupa mwiko, kwa hiyo huna sababu.

Mdogo wake Muhur anasafiri Jumatatu, nimempa mfuko. Pakiti kubwa ni viungo vya Baba vilivyokwisha kukaangwa, na safari hii terasi imo. Wapikie wale jamaa zako, pilipili tano kwa sufuria, nasema tano, waache kununua mkate. Usipojua kama imekolea mpe Muhur kijiko, akionja abishe.

Kichupa kidogo chenye uzi mwekundu ni chako peke yako. Nimekisaga kwa pilipili kichaa thelathini, pamoja na kila kitu ambacho Baba angetia. Ukali utausikia mwenyewe. Hayo mengine yamo yote, niamini mimi.

Dada yako,
Rumenah, ran wa Dasan Reban